Sura ya Saba: Nani Apewe Pole?

Jumatatu, tarehe 8 Desemba 1997, Wakatoliki walipokuwa wakiadhimisha sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, na taifa likijiweka tayari kutimiza kesho yake miaka 36 ya Uhuru wa Tanganyika, Mwadhama Laurean Kardinali Rugambwa alifariki dunia mjini Dar es Salaam, naye alikuwa na umri wa miaka 85. Ulimwengu ulimjua kuwa ndiye Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa hadhi ya ukardinali, mtu aliyeketi pamoja na maaskofu wa dunia nzima katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na aliyepiga kura katika chaguzi tatu za Mapapa, ule wa 1963 na zile mbili za 1978. Lakini tanzia hiyo ilipofika magharibi ya Ziwa Viktoria, katika Bukoba na Muleba alikotoka, iliingia katika nchi yenye ada kamili za msiba, ada ambazo hazimwangalii mtu cheo chake mpaka kwanza zimepata jawabu la swali moja: nani mfiwa, na nani basi apewe pole?

Katika msiba wa mtu wa kawaida swali hilo halimtaabishi yeyote, maana mjane yupo, watoto wapo, ndugu wa ukoo wapo, na mgeni akifika huonyeshwa pa kwenda kushika mkono. Kwa askofu wa Kikatoliki mambo ni mengine. Hakuoa wala hakuzaa. Nyumba aliyokaa si yake. Mali aliyoisimamia ni amana ya Kanisa. Na hata ndugu zake wa damu, kwa kuwa aliondoka kwao akiwa kijana, wamezoea kwa miaka mingi kumgawa na watu wasiowajua. Ndiyo maana namna umma unavyopokea kifo cha mtu kama huyu inastahili kuchunguzwa kwa utulivu: kwa matendo yao ya siku chache, bila ya kuitisha baraza wala kuandika azimio, watu hulijibu swali ambalo mila peke yake haiwezi kulijibu, na sheria ya Kanisa peke yake haiwezi kulimaliza.

Ada za msiba

Aliyepata kufika msibani katika vijiji vya Muleba, iwe Kamachumu au Ihangiro, anaujua utaratibu wake. Sakafu ya nyumba imetandikwa majani, na wanawake wameketi juu yake, wengine wakiegemea ukuta, wengine wakimzunguka aliyefiwa ili asibaki peke yake na majonzi yake. Wanaume wako nje, chini ya migomba na mibuni, moto umewashwa hata kama si usiku. Na pembeni, mbele ya kijimeza cha kuazima, ameketi mtu mwenye daftari, anayeandika bila ya haraka nani ameleta mkungu wa ndizi, nani kuni, nani maji, nani shilingi, na kiasi gani. Daftari hilo ni kitu cha maana sana. Ni la chama cha kusaidiana katika shida, ambacho Wahaya, wenyeji wa nchi hii, hukiita bujuni, na jina la mtu likikosekana humo leo, kesho jirani watalikumbuka. Jembe haliendi shambani maiti akiwa hajazikwa. Kaburi huchimbwa ndani ya kibanja, katika ardhi ile ile iliyomlisha marehemu, ili wafu na walio hai wasitengane.

Na baada ya kuzika, ada haijaisha. Sharti atajwe mrithi, ambaye Wahaya humwita musika, na ambaye nafasi yake katika sheria za jadi za Buhaya iliandikwa kwa uangalifu mkubwa na Hans Cory na mwenzake Hartnoll katika kitabu chao cha 1945. Mrithi huyo hapokei mali tu; hupokea pia madeni ya marehemu, wajibu wake kwa wajane na yatima, na mahali pake pa kukaa ukoo unapokutana. Mtu aliyekufa bila ya mrithi alihesabiwa kuwa amepata msiba juu ya msiba, kwa kuwa jina lake lilikosa wa kulibeba.

Kwa hiyo Mhaya anayemlilia askofu analilia mtu aliyechagua kwa hiari yake, tangu ujana, hali ambayo mababu waliiogopa kuliko umaskini. Mapadre Weupe, wale wamisionari wa Kikatoliki, walipoleta useja wa mapadre katika nchi hii, waliwataka wazee wawatoe wana wao wakawe watu wasio na watoto. Na wazee wengi, baada ya kusita, waliwatoa. Kila msiba wa padre, na zaidi wa askofu, hulirudisha mbele ya macho ya watu lile agano la zamani, ili waone kama lilikuwa na faida.

Mwana wa Bukongo

Mapadre Weupe walifika Kashozi, kaskazini ya mji wa Bukoba, mwishoni mwa 1892, wakiongozwa na Askofu Jean-Joseph Hirth, baada ya machafuko ya Buganda kuwasukuma kusini pamoja na waumini wao. Kutoka Kashozi misheni zilienea. Na mwaka 1904 ikaanzishwa seminari ya Rubya, katika Ihangiro, ambayo leo ni sehemu ya Wilaya ya Muleba. Hata kabla ya vita vikuu vya kwanza kumalizika, Agosti 1917, nchi hii ilikwisha kuwapata mapadre wake wazalendo wa kwanza. Hayo yatupasa kuyakumbuka, kwa sababu watu wa mbali walipostaajabu mwaka 1960 kwamba kardinali ametoka katika vijiji vya migomba, wao hawakujua kwamba shamba lile lilikuwa limekwisha kulimwa karibu miaka 70.

Laurean Rugambwa alizaliwa Bukongo tarehe 12 Julai 1912, katika ukoo wenye heshima, akabatizwa tarehe 19 Machi 1921 pamoja na wazazi wake. Alisoma Rubya, kisha seminari kuu ya Katigondo huko Masaka, Uganda, akapewa upadre tarehe 12 Desemba 1943. Baada ya vita alipelekwa Roma kusomea sheria za Kanisa, na kabla ya kumalizika mwaka 1951 alikwisha teuliwa kuwa askofu wa sehemu iliyoitwa Kagera ya Chini. Akawekwa wakfu Februari 1952, na mwaka uliofuata sehemu ile ikawa Jimbo la Rutabo. Rutabo si mji. Ni mahali pa vijijini, katika Muleba hiyo hiyo, na kutoka mahali hapo pasipo bandari wala reli Papa Yohane XXIII alimwita, tarehe 28 Machi 1960, akamfanya kardinali, miezi 20 na kitu kabla bendera ya Mwingereza haijateremshwa Tanganyika. Miezi michache baadaye akawa askofu wa Bukoba, na mwishoni mwa 1968 akahamishiwa Dar es Salaam, alikoongoza mpaka alipostaafu mwaka 1992.

Nimeyataja hayo kwa mfululizo kwa kuwa ndani yake mna sababu ya kilio cha 1997. Mwaka 1960 palikuwapo bado, katika ofisi za serikali na hata katika nyumba za baadhi ya wamisionari, watu waliodhani kwamba Mwafrika aweza kufundishwa lakini hawezi kufundisha, aweza kutii lakini hawezi kuamuru. Kofia nyekundu iliyowekwa juu ya kichwa cha mtu wa Bukongo haikubishana na fikira hizo kwa maneno. Iliziacha bila ya mahali pa kusimama. Mkulima wa kahawa wa Muleba, ambaye huenda hakuijua hata maana ya kardinali katika utaratibu wa Roma, alilielewa jambo hilo kwa ukamilifu, na wala halikuwa la Wakatoliki peke yao. Basi miaka 37 baadaye, alipokufa mtu yule, aliyeondoka alikuwa shahidi: shahidi kwamba hadhi ya watu hawa iliwahi kukiriwa mbele ya ulimwengu, tena kabla ya uhuru wenyewe kufika.

Haki nyingine yatubidi kuitimiza hapa, nayo ni ya ukweli. Buhaya ilikuwa nchi ya tabaka, na mfumo wa nyarubanja, uliowaweka wakulima chini ya mabwana katika ardhi waliyoilima wenyewe, haukuondolewa kisheria mpaka miaka ya 1960. Katika nchi ya namna hiyo mtu wa nasaba tukufu husikilizwa upesi kuliko mwingine, na bila shaka wako waliomstahi askofu wao kwa ukoo wake kabla ya kumstahi kwa utumishi wake. Lakini upadre haurithiwi. Aliyeketi kiti cha Rutabo alikipata kwa njia ile ile iliyokuwa wazi kwa mtoto wa mtwana, yaani kwa Rubya na Katigondo, na waliomfuata katika njia hiyo walitoka katika nyumba za kila namna. Msiba wake ulikuwa, kwa hiyo, msiba wa watu ambao zamani wasingeketi pamoja.

Nchi iliyochoka kuzika

Yatupasa pia kuikumbuka hali ya Kagera wakati ule, kwa maana machozi ya watu hayatoki mahali patupu. Tangu 1983, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walipotambuliwa katika mkoa huu, vijiji vya Bukoba na Muleba vilikuwa vimezika kizazi kizima cha watu wenye nguvu. Pakawa na nyumba za bibi na wajukuu, pakawa na vibanja vilivyofungwa. Misiba ilifuatana hata vijiji vingi vikalazimika kupunguza siku za matanga, kwa sababu watu wangelikaa msibani kama walivyokaa baba zao, mashamba yangeliota magugu na walio hai wangelikufa njaa. Kisha, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilizama karibu kufika, na watu zaidi ya 800, kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, wakapotea. Wengi katika waliopatikana hawakutambulika, wakazikwa pamoja Igoma, huko Mwanza, mbali na kibanja, mbali na mrithi, mbali na daftari la bujuni. Na mwishoni mwa 1997 mvua za El Nino zilikuwa zikiharibu barabara na madaraja katika sehemu nyingi za nchi.

Watu waliokuwa katika hali hiyo wangeliweza kusamehewa kama wangelimpokea marehemu mmoja zaidi kwa uchovu, tena marehemu mzee, aliyetimiza miaka 85 na kufa kitandani. Wahenga walisema kwamba kifo cha wengi ni arusi, na tafsiri ya kawaida ya mithali hiyo ni kwamba mateso yanayowapata watu wote hupungua makali. Mimi naamini kwamba katika Kagera ya 1997 palikuwapo na jambo la ndani zaidi ya hilo. Mama aliyemzika mwanawe wa miaka 28 kwa haraka, bila ya matanga kamili, kwa aibu ya maradhi ambayo watu waliyanong'oneza. Baba ambaye mwanawe amelala Igoma pamoja na mamia, naye hajui ni kaburi lipi. Hao wote walikuwa na kilio kilichozuiliwa. Kifo cha mzee aliyestahili kuliliwa hadharani, bila ya haya wala hofu, kwa kengele na nyimbo na Misa ya maaskofu, kiliwapa ruhusa ya kulia kwa sauti. Na mtu akipewa ruhusa ya kulia, haulizwi anamlilia nani.

Hapa ndipo swali la mfiwa lilipoanza kupata jawabu. Anapokufa askofu katika nchi hii, padre wa parokia hupewa pole na jirani yake Mlutheri, na mtawa aliye sokoni hupewa pole na muuza samaki Mwislamu. Wanajumuiya ndogo ndogo hupeana pole wao kwa wao wanapokutana kusali rozari. Kina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, wanaojua kupika kwa ajili ya umati, huanza kazi bila ya kungoja kuitwa. Na ndugu wa ukoo, ambao kwa mila ndio wenye msiba, hujikuta wakiwa kundi moja katikati ya makundi mengi. Asiwepo wa kudhani kwamba tendo la Mlutheri kumpa pole Mkatoliki lilikuwa dogo katika Kagera. Madhehebu haya mawili yalikua pamoja na kushindana pamoja, kilima kwa kilima na shule kwa shule. Lakini Walutheri nao walikuwa wamekwisha pita katika mlango huo huo wa msiba: Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuongoza Dayosisi ya Kilutheri ya Kaskazini Magharibi na wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, cheo alichoshika kuanzia 1977 hata 1984, alifariki mwaka 1988. Ndani ya miaka kumi nchi moja ndogo ilipoteza wana wawili ambao kila mmoja alikuwa wa kwanza katika bara lake. Aliyepewa pole mwaka 1988 alijua namna ya kuitoa mwaka 1997.

Kashozi, na subira ya miaka 15

Sheria ya Kanisa, ambayo marehemu mwenyewe alikuwa bingwa wake, haitaki maiti wazikwe ndani ya makanisa. Lakini kanoni ya 1242 ya sheria ya 1983 huwatoa katika katazo hilo Papa, makardinali na maaskofu wa majimbo, hata waliostaafu, ambao wazikwa katika kanisa lao wenyewe. Kanisa lake lilikuwa lipi? Dar es Salaam ingeliweza kudai kwa haki kabisa, maana huko alikuwa Askofu Mkuu kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, huko alimpokea Papa Yohane Paulo II mwaka 1990, na huko ndiko alikofia. Uganda walikuwa wamemzika Kardinali Emmanuel Nsubuga, aliyefariki Ujerumani mwaka 1991, katika kanisa kuu la Rubaga, kiti chake. Nao Kenya baadaye walimzika Kardinali Maurice Otunga, mwana wa chifu wa Wabukusu, katika Nairobi alikotumikia, wala si katika ardhi ya baba yake. Kisha mwaka 2005 wakamhamisha kaburi, ndani ya Nairobi hiyo hiyo. Kwa hiyo desturi ya wengi iliupa mji mkuu nguvu. Kwa Rugambwa ikawa kinyume chake: akarudishwa Bukoba.

Lakini kanisa kuu la Bukoba lilikuwa bado kufanyiwa matengenezo makubwa, na mwili haukuweza kuwekwa humo. Akazikwa kwanza Kashozi. Uamuzi huo, uliotokana na dharura ya ujenzi, ulikuwa na maana ambayo hapana mpangaji wa sherehe angeliweza kuitunga: mwana wa imani iliyoingia kwa mlango wa Kashozi mwaka 1892 alilazwa penye mlango huo huo, katika parokia ambayo parokia nyingine zote za Buhaya huihesabu kuwa mama yao. Hakuzikwa katika kibanja cha ukoo wake, wala hakuzikwa katika fahari ya kanisa kuu; alizikwa mahali pa wote. Na watu waliozoea kwamba kaburi la mtu huonyesha ni wa nani walilisoma jibu hilo bila ya kusomewa.

Kisha ikafuata subira ya miaka 15. Mambo ya hadhara husahaulika upesi. Wiki ya msiba kila mtu ni rafiki wa marehemu. Mwaka ukipita, ni wale wa karibu tu. Miaka mitano ikipita, jina limebaki juu ya ubao wa shule. Kungoja kwa Kashozi kulikuwa kipimo. Jimbo lilikuwa na deni la wazi: limemweka mtu wake mahali pa muda, na kila ombi la mchango kwa ajili ya kanisa kuu lilikuwa pia ukumbusho wa deni hilo. Mkulima aliyetoa fedha ya kahawa yake kwa ajili ya ujenzi, katika miaka ambayo bei ya kahawa haikuwa ya kutegemewa, alikuwa bado yuko msibani. Mkono wake ulikuwa ukiendelea kuandikwa katika daftari ambalo lilikuwa halijafungwa.

Maziko ya pili

Oktoba 2012, miezi mitatu baada ya kutimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, mabaki ya Kardinali Rugambwa yalitolewa Kashozi na kuhamishiwa katika kanisa kuu la Bukoba, lenye jina la Bikira Maria Mama wa Huruma, lililokuwa limekamilika. Askofu wa jimbo alikuwa bado Nestorius Timanywa, ambaye alikuwa ndiye askofu wa Bukoba katika msiba wa kwanza, na ambaye alikuwa ameliongoza jimbo hilo tangu 1974. Miezi michache tu baadaye, Januari 2013, akastaafu, kana kwamba alikuwa akingoja amana hiyo ifike salama.

Tofauti ya maziko haya mawili ndiyo kiini cha sura hii. Mwaka 1997 watu walilia. Mwaka 2012 sehemu kubwa ya umati haikuwa na cha kulilia, maana walikuwapo vijana ambao wakati wa kifo chake walikuwa hawajazaliwa au walikuwa migongoni mwa mama zao. Nao walikuja kwa shukrani, kwa udadisi, kwa fahari ya mahali. Mtu mwenye moyo mgumu angeliweza kusema kwamba huo haukuwa msiba tena bali maonyesho. Sioni hivyo. Katika ada ya Kihaya, kumaliza matanga hakutakiwi kuwa na kilio kama cha siku ya kwanza. Siku hiyo kazi ni nyingine, nayo ni kumtaja mrithi mbele ya mashahidi. Maziko ya kwanza yalijibu nani mfiwa. Ya pili yalikuja kujibu nani mrithi.

Na warithi walikuwa wamesimama pale, wanaonekana kwa macho: mapadre waliotoka Rubya, ambayo iliendelea kufundisha, masista, wasichana wa shule ya sekondari ya Rugambwa mjini Bukoba, ambao wamebeba jina lake katika vyeti vyao ingawa wengi hawakupata kumwona, na walei wazee ambao aliwapa Kipaimara kwa mkono wake. Hofu ya mababu, kwamba asiyezaa hupoteza jina, ilikuwa imepatiwa jawabu kwa njia ambayo mababu hawakuitazamia. Musika wa mtu huyu hakuwa mmoja, na mali aliyoiacha haikuweza kugawanywa na baraza la ukoo.

Vifo vya kimya

Walakini mwandishi hatendi haki akidhani kwamba ukubwa wa umati ndio kipimo cha ukubwa wa mtu. Kagera imewapoteza maaskofu wengine ambao hawakuondoka kwa ngurumo namna hiyo. Christopher Mwoleka, askofu wa Rulenge tangu 1969 mpaka 1996, aliyeuchukua ujamaa kwa uzito hata akaenda kuishi na kulima pamoja na wanakijiji, alifariki mwaka 2002. Placidus Gervasius Nkalanga, aliyepokea kiti cha Bukoba baada ya Rugambwa, alikiacha kwa hiari yake mwaka 1973 akajiunga na watawa Wabenedikto wa Hanga, huko Ruvuma, na humo aliishi maisha ya sala na utiifu kwa zaidi ya miaka 40, mpaka alipofariki mwaka 2015 akiwa amepindukia miaka 90. Kati ya Hanga na Bukoba ni safari ya kuikata nchi kutoka kona hata kona. Ni watu wangapi katika Bukoba ya 2015 waliokuwa na kumbukumbu ya askofu aliyeliacha jimbo lao katika siku ambazo wao walikuwa watoto, au hawakuwapo?

Kuna somo katika kuwaweka watatu hawa pamoja. Yule aliyepanda akatukuzwa alizikwa mara mbili na umma. Yule aliyeshuka akalima, na yule aliyejificha akasali, walizikwa na wale wa karibu. Umma hulia kwa kadiri unavyoona, na hauoni yote. Kwa hiyo tusiyachukue maombolezo ya hadhara kuwa hukumu juu ya marehemu. Hukumu hiyo ina mwenyewe. Tuyachukue kuwa ungamo la walio hai, wanaosema ni nini walichokipenda, na nini walichoogopa kukipoteza. Kwa Rugambwa walikiri kwamba walipenda kuheshimiwa. Laiti wangelikuwa na nafasi ya kutosha ya kuwalilia Mwoleka na Nkalanga, wangelikiri pia kwamba walipenda kuongozwa na mtu aliye tayari kupungua.

Deni la wafiwa

Yamebaki mambo mawili ya kuyasema kwa uwazi.

La kwanza ni juu ya sifa. Desturi yetu hukataza kumsema vibaya marehemu, nayo ni desturi njema. Lakini imezaa kilema, maana katika misiba ya wakubwa wasemaji hushindana kwa sifa, kila mmoja akimpandisha marehemu ngazi moja zaidi, hata mwisho wake hapana awezaye kumtambua. Sifa za namna hiyo huwanyang'anya wafiwa mtu wao. Kijana wa Muleba akiambiwa kwamba kardinali alikuwa mtakatifu tangu kuzaliwa, hana la kufanya ila kustaajabu na kwenda zake. Akiambiwa kwamba alikuwa mtoto wa Bukongo aliyebatizwa pamoja na wazazi wake, akajifunza Kilatini kwa taabu, akaongoza jimbo lisilo na barabara, akaamua mambo mengine vema na mengine kwa namna ambayo watu walibishana nayo, huyo kijana anapata njia ya kufuata. Wazee waliomjua wanapungua kila mwaka. Majimbo, shule na familia zingefanya jambo la maana kuliko hotuba zote kama zingeliandika sasa wanayoyakumbuka, kwa lugha yao, pamoja na yale yasiyopendeza masikio.

La pili ni juu ya pole yenyewe. Katika Buhaya, mtu akipokea pole mbele ya watu, amekubali kwamba marehemu alikuwa wa nyumba yake. Na mtu wa nyumba hurithi wajibu kabla ya kurithi heshima. Mwaka 1997 nchi nzima ilipokea pole kwa kifo cha Laurean Rugambwa, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, Bukoba na Muleba na Dar es Salaam. Basi na tuuchukue urithi wote: tuwasomeshe yatima ambao Ukimwi uliwaacha bila ya musika, kama yeye alivyosomeshwa na watu wasio wa ukoo wake, tudumishe kupeana pole kwa Mkatoliki, Mlutheri na Mwislamu hata siku ambazo hapana msiba, na anapotokea katika kijiji kisicho na lami wala umeme mtoto mwenye akili kubwa na kanzu iliyochakaa, tusimwambie kwamba mahali alipozaliwa pamemfungia njia. Asiyekuwa tayari kwa kazi hiyo hana sababu ya kujihesabu miongoni mwa wafiwa.